Kiswahili cha Kambini

Kidega alizaliwa katika kambi ya jeshi ya Mbuya, Kampala, mtoto wa sajenti, na Kiswahili alikiokota huko huko, kwenye gwaride na kwenye foleni ya maji. Kilikuwa cha kukata maneno, kikali hata kinapoomba chumvi. Alipookoka akaingia nacho kwenye injili. Amehubiri Sudan Kusini, amehubiri Kongo, na sasa yuko Nsambya akiwafundisha viongozi vijana namna ya kuingia kwa watu wasio wao. Somo lake la kwanza halijabadilika: ingia umenyooka, salimu kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Kiswahili, husema, hakina kabila. Na mtu huyu wa kufundisha wengine amekaa Kampala tangu utotoni, lakini Kiganda chake kinaishia kwenye salamu.

Mwaka huu alimtuma Ongom, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe, kwenye kisiwa kimoja cha wavuvi. Alimsindikiza hadi bandari ya Luzira, na kabla kijana hajapanda boti akamnyoosha mabega.

Simu ya kwanza haikuleta habari njema. Ongom alisema akisalimu, watu wanafunga milango, na mama mmoja alikimbia akaacha samaki wake waungue jikoni. Kidega akamwambia ni woga wa mgeni tu, utaisha.

Simu ya pili kijana alikuwa akinong'ona. Ameambiwa kwamba askari wa doria huja kisiwani kuchoma nyavu na mitumbwi na kupiga watu, na wakija husema Kiswahili hicho hicho.

"Mjomba, niache nitumie Luganda. Najua kidogo."

"Hapana. Endelea vile nilikufundisha."

Laiti Ongom angekuwa mkaidi! Lakini alilelewa kutii, akaendelea kusalimu kwa sauti.

Kisha asubuhi moja redio ikatangaza kwamba mitumbwi imechomwa kisiwani humo. Kidega akapiga simu ya Ongom. Iliita sana, na aliyepokea alikuwa mwanamume mwingine. Nyuma yake palisikika watu wengi.

"Ongom yuko wapi?" Kidega aliuliza.



"Unaongea sawa na yeye," yule mtu akasema taratibu. "Ni wewe ndo afande yake?"

Kidega alijua la kujibu: kwamba kijana ni mtu wa Mungu, hajawahi kushika bunduki, ni mwanawe. Lilifaa lisemwe kwa Kiganda, polepole, kama mtu anayeomba. Akatafuta maneno. Akapata ya kusalimu na ya kushukuru, basi. Huko nyuma akamsikia Ongom akilia, akimwita mjomba. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya baba yake, sajenti.

"Mwachilie huyo sasa hivi!"

Yule mtu akawageukia wenzake, akawaambia jambo kwa Kiganda. Kidega hakuelewa hata neno moja. Simu ikakatika.