Baiskeli Iliyoyumba Njia ya Kihame

Tap. Kimya kidogo. Tap. Mpaka leo nikifumba macho naisikia baiskeli ya baba. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, na kwa kuwa dukani mapya hayakuwepo, baba alilizungushia kiraka cha ngozi ya ng'ombe na kukifunga kwa waya. Kila gurudumu lilipozunguka, kiraka kiligonga madigadi, na vumbini kikaacha alama kama ya kwato. Tuliishi upande wa Machochwe, katika kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa mstari mmoja, mlango ukitazama mlango. Ukichemsha maji, jirani anajua. Ukichemsha kwa muda mrefu, jirani anakuja kuomba chumvi ili aone ndani ya sufuria kuna nini.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mahindi mashine. Baba alifunga mzigo kwenye keria na kunionya, "Bhoke, kokota. Usipande." Nami nilikokota kweli, mpaka mashine. Pale foleni ilikuwa ndefu, basi niliacha debe langu kwenye mstari na kuondoka na baiskeli tupu. Kwenye kiti sikufika, kwa hiyo nilipitisha mguu mmoja chini ya bomba la fremu, mwili ukaning'inia upande kama nguo kwenye kamba, nikakanyaga pedeli. Nilishika njia ya kihame, boma letu la zamani tuliloliacha tulipohamishiwa kijijini, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi. Raha yake siwezi kuimaliza kuisema. Majani makavu yalinichapa miguu, migunga ilinukia, na mwisho wa njia, ng'ambo ya jiwe la mpaka, nyumbu walikuwa wamejaa bonde zima wakiguna kama wazee kanisani. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu iliyobomoka nikiota kwamba siku moja nitaendesha mpaka wanakokwenda wao.

Kisha mtego wa waya ukaonekana karibu na kihame, na mzoga wa nyumbu aliyekatwa mapaja. Niliposikia, niliogopa alama zangu. Nikavunja tawi, nikaifagia njia kwa mwendo mrefu, na hilo ndilo kosa langu kubwa, maana hakuna mtu anayefagia porini. Askari wa wanyamapori alizikuta alama za ufagio wangu vumbini, akazifuata hadi nilipochoka kufagia, na hapo akakutana na alama ya kiraka cha baba.

Walikuja asubuhi, yeye na Mzee Marwa, balozi wetu wa nyumba kumi. Askari alichuchumaa kando ya baiskeli. "Tairi ni hili. Na waya huu umeutoa wapi?"

"Wa uzio wa zamani," baba akajibu. "Kihame sijakanyaga tangu tuhamishwe."

"Mura, kijana wangu, baiskeli tupu haitembei kama mlevi," Mzee Marwa akasema. "Njia nzima inayumba. Huo ni mzigo, na mzigo wenyewe ni nyama. Lisemwalo lipo."

Wakampa mpaka jioni. Kwenye mkutano wa kijiji asipotoa maelezo ya kueleweka, atapelekwa kituoni, yeye na baiskeli yake. Siku ile waomba chumvi walikuwa wanne. Mama mwenyewe nilimwona akinusa shati la baba nyuma ya nyumba, akalikunja haraka aliponiona. Na mimi, niliyejua kila kitu, nilianza kujiuliza, je, zile siku anazosema anakwenda shamba la kijiji, huwa anafika? Naona aibu kuandika hivi. Kumshuku baba kulikuwa rahisi kuliko kufungua mdomo, nami nilimshuku kwa moyo wote, mchana kutwa, huku nikila ugali aliolima.

Jioni watu walikaa duara uwanjani, baiskeli imeegeshwa katikati kama mshitakiwa wa pili. Baba alisimama. Alirudia maneno yale yale, watu wakaguna. Askari alipoinuka kumshika mkono, miguu yangu ikaenda bila kuniuliza. Nikaishika baiskeli, nikapitisha mguu chini ya bomba, nikalizunguka lile duara zima. Tap. Tap. Nikayumba, nikamkosa mbuzi wa mtu, nikaanguka mbele ya Mzee Marwa.

Aliitazama alama iliyoyumba vumbini nyuma yangu. "Kumbe mlevi mwenyewe ni huyu!"

Askari akamwachia baba. Wengi walicheka. Si wote. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Katoto kamefundishwa." Baba aliniinua, akanipangusa magoti, akasema tu, "Madigadi utaivunja." Lakini waomba chumvi waliendelea kuja mpaka mvua za vuli, na mwenye mtego hakujulikana kamwe.

Siku hizi njia ile ni barabara ya magari ya kambi za watalii, na vijana wanaipita kwa pikipiki. Vumbi limebeba alama nyingi mno, hakuna wa kuchuchumaa aseme hii ni ya fulani. Chumvi kila mtu ana yake. Ni nafuu, nadhani, ingawa sasa unaweza kuugua wiki nzima na asijue mtu kilichomo kwenye sufuria yako.

Kiangazi kilichopita nilirudi nyumbani, nikaikuta baiskeli ghalani, kiraka kimekauka kama ganda. Sikumwambia mtu. Niliikokota mpaka kihame, nikajaribu kupitisha mguu chini ya bomba, paja likakwama, nikacheka peke yangu. Basi nikapanda juu ya kiti, sawasawa, nikaendesha hadi jiwe la mpaka. Niligeuka kutazama. Alama ya kwato ilikuwa imenyooka nyuma yangu, hatua kwa hatua. Pembeni palikuwa na tawi kavu. Nililiokota, nikalitazama, nikalitupa ng'ambo ya jiwe.