Nyuzi Nne Kwenye Mfuko wa Nailoni

Juzi Jumapili nilikuwa kwa kaka yangu Usa River, tumeshiba ndizi, watoto wangu na wake wamejazana sebuleni wanayapiga masufuria kama ngoma. Kaka akainuka, akatoa kaseti ya kwaya. Ile ya kwanza na ya mwisho, tuliyokuwa tunaamini imepotea. Bado ana redio inayokula kaseti, sijui anaitunzaje. Akaiweka, kinanda kikaanza, kisha besi ikaingia. Watoto wakatulia. Kaka akawaambia, akicheka kile kicheko chake kisichofika machoni: "Hapa ndipo nilipompokonya babu yenu besi yake."

Mimi, ambaye kondakta wa daladala akinijibu vibaya mtaa mzima unajua, nikainamia sahani nikachokonoa ganda la ndizi. Ndiyo maana nakuandikia wewe rafiki yangu, maana pale mdomo uligoma.

Utotoni tulikaa Themi, Arusha, nyumba ya vyumba viwili, choo nje, mgomba mmoja uliozaa ulipojisikia. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani na mpiga besi wa bendi ya kiwanda. Serikali ilipoanza kuuza viwanda, chake kikauzwa, wafanyakazi wakaambiwa asanteni. Wenzake walitoka na mabati, mwingine feni, mwingine meza ya bosi. Baba akarudi nyumbani na gitaa la besi begani. Mama akatazama mlangoni kuona kama kuna kitu kingine kinafuata. Hakukuwa na kingine.

Mchana akatengeneza redio za watu barazani, jioni akaenda kupigia kwaya ya kanisani kwetu. Nilikuwa nakaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye boksi la spika, besi inapita kwenye mbavu mpaka tumboni. Wengine walisikiliza kwaya kwa masikio. Mimi nilisikiliza kwa mgongo, na mpaka leo nikisikia wimbo usio na besi naona baridi sehemu ile ile.

Na nilimpigania yule mzee, nakwambia. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa na utani mmoja tu, aliurudia kila siku ya Mungu. "Mzee, magitaa ya wenzio yana nyuzi sita. Wewe mbili umeuza?" Baba anacheka. Mimi sicheki. Siku moja nilimwaga chai ya yule jirani makusudi, kikombe kizima, juu ya suruali ya mteja. Nilichapwa na mama, nikachapwa tena kwa sababu nilikataa kusema samahani. Baba akaniita pembeni: "Mama, hizo hasira zako zitakuja kukuunguza wewe mwenyewe." Alizoea kuniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Sasa, nyuzi. Siku hizo Arusha madukani zilijaa televisheni, redio za Dubai, mitumba mpaka ya viatu vya kuteleza kwenye barafu. Nyuzi za besi hakuna. Mpaka mtu aende Nairobi, na mtu huyo akumbuke. Kwa hiyo nyuzi zikishika jasho na uchafu, zikianza kutoa sauti kama za kamba ya katani, baba alizivua akazichemsha. Ndiyo, kama maharage. Mama alimtengea sufuria moja nyeusi, haikupikiwa chakula tena. Maji, sabuni ya unga kidogo, jiko la mkaa, na nyumba nzima inanuka chuma na vidole vya watu. Zikitoka hapo zinalia upya kama zimetoka dukani, ila kwa siku moja au mbili tu.

Kuzikausha ilikuwa kazi yangu. Uzi wa besi una waya katikati, halafu waya mwembamba umezungushiwa juu yake, na maji yanajificha mle ndani. Unafuta kwa flana, unaanika kwenye bati, na kama hakuna jua unazizungusha karibu na jiko mpaka zikuunguze vidole. Halafu tone la mafuta ya cherehani. Ukiacha unyevu, kutu inakulia ndani wewe huioni. Baba alinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba. Nilipofika kumi hakuwa anakagua tena.

Mwaka huo kwaya ikaamua kurekodi kaseti. Kisongo, jirani na uwanja wa ndege, mtu mmoja alikuwa amefungua studio, kuta amebandika trei za mayai, na ndege ikiruka kila mtu anasimama anasubiri. Baba alikuwa amepiga besi miaka yote ile na hajawahi kurekodiwa hata wimbo mmoja. Alianza kunyoa ndevu kila siku, kama bwana harusi. Kulikuwa na tatizo moja tu: kanisa lilikuwa limeletewa kinanda cha umeme, kaka yangu akakishika haraka kuliko wote, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameanza kusema maneno. "Mzee, hiki kinanda kina besi humo humo. Mkono wa kushoto tu." Baba akamjibu, "Mwalimu, niache nirekodi hii moja. Baada ya hapo nitakaa na waimbaji." Nilisikia kwa masikio yangu. Hii moja.

Na alikuwa ameniahidi nitakwenda naye, nimshikie waya. Nilishawatangazia darasa zima. Ijumaa, siku moja kabla, mwalimu wa kwaya akasema hataki watoto studio. Nikamgeukia baba nikitegemea atakataa. Akasema tu, "Basi mama, utabaki. Atakwenda kaka yako."

Kaka! Huyo huyo mwenye kinanda! Mimi niliyemwaga chai kwa ajili ya baba nibaki nyumbani nichambue mchele?

Jioni ile baba akanipa nyuzi zimetoka kwenye maji, akaenda kupeleka redio ya mtu. Ilikuwa Julai, unaijua Julai yetu, Mlima Meru hujauona wiki nzima, ukungu unaingia mpaka kwenye blanketi. Jiko lilikuwa linawaka. Flana ilikuwa begani kwangu. Nikazisokota nyuzi zote nne zikiwa zinachuruzika, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga fundo kwa meno, nikatupia ndani ya begi la gitaa.

Baba aliporudi akauliza, "Zimekauka?"

"Ndiyo, baba."

Alitaka kuzivalisha studio kesho yake, zikiwa mpya. Kama wangekwenda kesho yake, pengine zingestahimili, na mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini usiku ule mwalimu wa kwaya alituma mtu: umeme una mgao, tumesogeza mpaka Jumamosi ijayo. Baba akasema hatazigusa mpaka siku hiyo zisichuje, kanisani kinanda kitatosha.

Siku saba, rafiki yangu. Jumapili hasira zilikuwa zimeisha, zangu zinawaka haraka na kuzima haraka. Jumatatu nililigusa lile begi. Jumatano nilifungua zipu, nikaona matone ndani ya nailoni na maji ya rangi ya chai kwa chini. Nikafunga zipu. Niliogopa nikizitoa ataona nilidanganya. Nikajiambia ni chuma, chuma hakifi kwa maji ya wiki moja. Mtoto wa fundi, najiambia hivyo!

Yaliyotokea Kisongo alinisimulia kaka. Baba alifungua mfuko, akautazama muda mrefu. Akazifuta kwa shati lake. Akazivalisha, akaanza kukaza, na uzi wa tatu ukakatika na kumchana shavu. Akasema atapiga na tatu zilizobaki, wa pili ukakatika. Mwalimu wa kwaya akatazama saa, akatazama kinanda. Baba akaenda akasimama nyuma ya kaka, damu shavuni, akamwimbia besi sikioni, wimbo baada ya wimbo, na mkono wa kushoto wa kaka ukafuata. Kaka alikuwa na miaka kumi na tano. Anasema alitamani kinanda kiungue.

Nyumbani mama akauliza shavu limefanyaje. "Nyuzi zilikuwa kuukuu," baba akasema. Akanitazama mara moja tu. Hakuna alichoniuliza, siku ile wala siku nyingine hadi tulipomzika. Ila hakunipa tena nyuzi nikaushe, na sufuria nyeusi mama akaifanya ya kuchemshia maji ya kuku.

Gitaa likabaki ukutani na nyuzi mbili. Hizo mbili ndizo nilizojifunzia, peke yangu, wakati hayupo, hakuna aliyenielekeza. Leo nina besi ya nyuzi nne niliyonunua kwa pesa zangu, na wanangu wote wawili wanapiga, mmoja ngoma, mmoja kinanda.

Rafiki yangu, ukimaliza mpe kaka naye asome. Kaka, ukifika hapa: hukumpokonya mtu kitu. Ni mimi. Miaka yote hii nimekuacha uubebe mzigo wangu kwa sababu uliubeba bila kulalamika. Kunitukana nitukane, namba yangu unayo.

Studio ya Kisongo sasa wanauza simenti. Mwalimu wa kwaya hatunaye. Wanangu hupenda kuniuliza, "Mama, babu alikuwa anapigaje?" Nashika besi nawapigia, nasema alikuwa anapiga hivi, hapa anachelewa kidogo, hapa anaruka. Wanaamini. Nimewapigia mara nyingi mno, sasa sijui tena kipi kilikuwa chake na kipi nimetunga mimi, na kwenye kaseti ni mkono wa kaka, hakuna mahali pa kwenda kusikiliza.