Rokshana na Seva Iliyokataliwa

Wifi yangu Rokshana, mke wa kaka yangu mkubwa hapa Rajshahi, ni mbishi kama punda, na mimi nampendea huo ubishi. Asiyetaka kusikia azibe masikio.

Kazi yenyewe halipwi. Anatunza mkusanyo wa seva za zana, yaani programu ndogo za kumuunganisha msaidizi wa kompyuta na vitu vya mtu, uko wazi mtandaoni. Msaidizi wa akili mnemba peke yake ni mdomo tu. Seva hizi ndizo zinampa mikono, afungue barua pepe, asome mafaili, akate tiketi. Watu wa nchi chungu nzima wanachukua humo bila kuuliza, kwa kuwa wanajua Rokshana ameshakagua. Na ana sharti moja: mpishi aonje kwanza. Ukileta seva, iwashe kwenye vitu vyako mwenyewe, watu wakiona.

Ijumaa moja mdogo wetu Mahfuz akaja na boksi la rosogolla, vile vitamutamu vya maziwa. Nikajua tu, huyu ana lake jambo. Kumbe bosi wake kamwambia seva yao ya barua pepe iingie kwenye mkusanyo wiki hiyo hiyo, la sivyo atafute kazi kwingine.

"Shemeji, wewe bonyeza tu kukubali. Si tuko nyumbani hapa?"

"Nimeusoma msimbo wake," Rokshana akamjibu. "Kila barua inayosoma, inapeleka nakala ofisini kwenu."

"Aa, hiyo ni ya kuboresha huduma!"

Mama akadakia. "Rokshana, acha roho mbaya. Macho yangu yamekwisha, mwanangu kaniwekea kitu hicho kwenye simu, kinanisomea barua za binti yangu Saira kutoka Kuwait. Unataka afukuzwe kazi?"

"Sitaki afukuzwe, Mama. Lakini haiingii."

Kaka yangu akakohoa. "Mke wangu, mara hii moja tu..."

"Hata nusu."

Jamani! Nilitamani kupiga vigelegele, nikamwogopa Mama.

Rokshana akasogeza sahani ya rosogolla pembeni, akaweka kompyuta mezani. "Mahfuz, sharti unalijua. Ingia kwenye barua zako, uiwashe, sote tunaona."

Mahfuz akacheka peke yake. "Barua zangu? Hapana bwana, zangu zina mambo ya siri."

"Ehe!" nikashindwa kujizuia. "Na za wenzako ni za kutangazwa sokoni?"

Mama akaweka kikombe chini.

"Mahfuz," akasema polepole, "kwangu mbona uliiweka?"

Mahfuz akainamisha kichwa, akawa anachezea kamba ya boksi. Mama akaisukuma simu yake kwa Rokshana. "Itoe."

Rokshana akaitoa. Halafu akageukia kompyuta, akaandika pale ambapo dunia nzima inasoma: "Imekataliwa. Aliyeipika hataki kuionja."