Hawe Hayumo Kitabuni

Mgeni rasmi aliyefika Gongoni kukabidhi sanduku la vitabu kwenye kiwanda cha chumvi alitamka kwamba mwenye kitabu mkononi hawi peke yake. Tamko hilo lilipigwa chapa, likabandikwa ukutani juu ya mtungi wa maji, na hakuna aliyelipinga.

Trizah Wangu, mzaliwa wa bara, alikuwa akishona viroba vya chumvi mwaka wa saba sasa. Benchi la washonaji lina sheria yake: anayesimulia hashoni, viroba vyake hushonwa na wanaomsikiliza. Kabibi alikitoa sandukuni kitabu cha mapenzi ya kijana jasusi, kile kile kinachogombewa na wasichana wa shule hadi Malindi, akaanza kuwasimulia wenzake. Wiki tatu zikapita, na hadithi wala haikuonyesha dalili ya kwisha.

Jasusi alimvutia Trizah kiasi. Aliyemteka ni hawe, yaani nyanya yake jasusi, aliyeficha barua za siri kwenye kopo la unga na ambaye kila mara kijana alipoingia, hata akiwa anavuja damu, alimwuliza kwanza, "Umekula?" Chumbani kwa Trizah swali hilo halikuwa na wa kuliuliza.

Kisha akapandishwa cheo. Alipewa kiti, kibanda langoni na daftari la kuandikia namba za malori. Benchi likampongeza, nafasi yake ikakaliwa na Everlyne. Kwa kuwa hakutaka kumkosa hawe, Trizah alikiazima kitabu.

Alikisoma siku nne, baina ya lori na lori. Jasusi alikuwa na miaka kumi na saba na nywele zisizotimka hata akiruka ghorofa. Maadui walipobisha mlango, alitumia kurasa nne kuzisifu kope za msichana. Trizah alivumilia, huenda hawe alikuwa sura inayofuata. Akafika jalada la nyuma.

Saa ya chai alikwenda benchini.

"Kabibi, nimesoma chote. Hawe hayumo."

"Hawe yupi?"

"Si yule wa kopo la unga!"

Benchi likaangua kicheko. "Huyu wa bara kaenda kumtafuta hawe kitabuni!" Everlyne akasema, akijifuta machozi.

"Lo, mamangu," Kabibi akasema, "yule si hawe wangu mimi, wa Vitengeni? Nilimtia mwenyewe. Kijana anapigwa risasi kutwa, hana hata wa kumpikia. Ningemwacha hivyo?"

Trizah hakucheka. "Sasa mwisho wake nini?"

"Wa jasusi? Si umesoma?"

"Wa hawe."

Kabibi akamtazama, kicheko kikampungua. "Bado hatujafika huko. Leo ndiyo kwanza anavuka mto. Keti nikwambie."

Everlyne akasogea kumpisha. Trizah alikuwa ameshainama kuketi wakati Masha, msimamizi wao, alipopaza sauti kutoka langoni: "Wangu! Lori!"

Alikwenda. Lori lile lilifuatwa na mengine matano. Alasiri alikirudisha kitabu sandukuni, siku kumi kabla ya muda wake, kisha akarejea kitini.

Kutoka kibandani hadi benchini ni hatua sitini. Kicheko hufika, maneno hayafiki.