Mkeka Niliomfunga Binti Yangu

Kwa miaka saba nilifundisha ubongo. Kila mwaka, darasa la sita, somo la sayansi, nilichora ubaoni lile bonge lenye mikunjo, nikaandika ubongo mkubwa, ubongo mdogo, uti wa mgongo, na watoto wakayaimba majina hayo mpaka koo zikawakauka. Walifaulu mtihani. Mimi mwenyewe sikujua nilichokuwa nafundisha, na jambo hilo linanikera mpaka leo ninapoandika.

Mwaka ule wakimbizi wa vita ya nchi jirani walipovuka mto wa mpakani, walipita mbele ya nyumba yetu Nyamiaga siku kadhaa bila kukatika, wamebeba magodoro, masufuria na wagonjwa wao. Shule ilifungwa kwa muda kwa kuwa watu walilala madarasani. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka minane. Asubuhi moja alikwenda chemchemini na ndoo yake, akamkuta mwanamke amelala kando ya maji, mtoto mchanga bado yuko mgongoni, wote wawili wamekufa. Akateka maji, akarudi na ndoo imejaa. Alituambia alichokiona kwa sentensi moja tu, wala hakulia. Tukamsifu! Tukasema huyu ana moyo mgumu, huyu ni jasiri. Hakuna aliyemkalisha chini akamuuliza neno la pili.

Wiki iliyofuata akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha mambo hayo tangu ana miaka mitatu. Shule ilipofunguliwa nilimsimamisha darasani kwao, ambako pia nilifundisha hesabu, nikamuuliza saba mara nane. Mtoto huyo alikuwa akilijua jedwali la kuzidisha kuliko watoto wa madarasa ya juu. Akanitazama kama hanisikii, midomo imefunguka, hakuna sauti. Nikamchapa viboko vinne mbele ya wenzake, nguvu zangu zote, watu wasije wakasema mwalimu anampendelea mwanawe. Hivyo ndivyo nilivyolinda heshima yangu.

Nyumbani mama yangu alikuwa na dawa yake. Kwetu kikojozi alifungwa mkeka wake mgongoni, ungali umelowa, akazungushwa kwa majirani asubuhi huku watoto wakimwimbia, na kila nyumba akamwagiwa maji na kuchezeshwa. Watu waliita mchezo. Mimi mwenyewe niliimba nyuma ya watoto wengine nilipokuwa mdogo.

"Mfunge, azunguke," mama aliniambia. "Aibu itamponya."

Mke wangu alisema mtoto anaumwa, tungoje. Nikamjibu kwamba mama amelea watoto tisa na yeye amelea wangapi. Kisha nikaifunga kamba kwa mikono yangu, nikakaza fundo.

Nyumba mbili za kwanza alicheza kama alivyoambiwa. Nyumba ya tatu alitoka jirani yetu mwenye kopo la maji mkononi na mwanawe mchanga mgongoni. Binti yangu akasimama. Macho yakamtoka, mwili ukakakamaa, na pale pale, mchana kweupe, mkojo ukamtiririka miguuni. Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Mama alicheka. Nami nilicheka. Mtoto alikuwa anatuonyesha ugonjwa wake waziwazi, na sisi tukaona ukaidi. Kesho yake tukamzungusha tena, na kesho kutwa, kwa sababu mama alisema dawa haijakolea.

Miaka miwili baadaye niliitwa Biharamulo kwenye semina ya walimu, habari za kuwasaidia watoto wa kambi za wakimbizi. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti. Alichora lile lile bonge langu lenye mikunjo, kisha ndani kabisa akachora kiduara kidogo. Hiki, alisema, ndicho kinacholinda uhai. Kikikumbuka hatari hakingoji mtoto afikiri. Kinapiga kelele mwili mzima, na ile sehemu ya maneno na hesabu inanyamaza. Mtoto anaganda, anasahau alichokijua jana, anaweza hata kujikojolea. Fimbo na aibu zinakithibitishia kiduara hicho kwamba hatari bado ipo. Anachohitaji ni mtu mzima yule yule, mtulivu, wa kukaa naye, na siku zinazofanana.

Nikanyoosha mkono. "Na watoto wa wenyeji je?"

"Kwani wao wana ubongo wa namna nyingine, mwalimu?" akauliza, na ukumbi ukacheka.

Sikucheka. Nilikuwa na hasira za kupasua meza. Watoto wetu waliyaona yale yale, kwenye barabara ile ile, na hakuna aliyetuitia semina kwa ajili yao. Lakini niseme ukweli, hasira hiyo kwa wakubwa ilikuwa njia yangu ya kujificha. Sikuhitaji mgeni aje na chaki kunieleza kwamba mtoto anayetetemeka hapigwi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta binti yangu uani anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa na miaka kumi. Kukojoa kuliisha kwenyewe siku mama yangu alipohamia kwa kaka yangu aliyeishi Nemba, na kila mtu alimsifu binti huyu kwa adabu na ukimya. Akaniamkia shikamoo. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza yote niliyoyasikia: kwamba haukuwa ukaidi, haukuwa uvivu, ilikuwa hofu, na aliyekosa ni mimi. Alisikiliza macho yakiwa kwenye ungo.

Nikainua mkono nimshike bega.

Kabla sijamgusa alikuwa ameshajikunja, mikono yote miwili imeziba kichwa, na ungo umepinduka. Nikabaki na mkono wangu hewani. Kisha akafungua macho, akatazama maharage yaliyotapakaa chini.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nitayaokota yote."