Dawa ya Mafundo Mawili

Généreuse huamka amechoka. Miaka sita ya kuwaogesha wazee wa watu huku ughaibuni imemmaliza mgongo, na treni ya alfajiri kutoka kitongoji chake cha Toongabbie haimhurumii mtu wa miaka hamsini na mitatu. Kwa hiyo tusimlaumu kwa kupita mbele ya picha ya ua, ukutani kwa bibi anayemhudumia, miaka miwili mizima bila kuitazama. Nani ana nguvu za kutazama maua saa hizo?

Picha ilichorwa na shangazi wa bibi huyo, mwanamke aliyezunguka Kongo enzi za Wabelgiji na sanduku lake la rangi, akichora mimea. Picha ilikuwa ipelekwe makumbusho siku ya Ijumaa, na bibi, mwenye miaka tisini na mmoja, alimwomba aifute vumbi.

Hapo ndipo alipoiona mizizi ya ua hilo pichani. Ilikuwa imeoshwa na kufungwa kwa kamba ya gome, mafundo mawili. Mama yake Généreuse alikuwa mganga wa mitishamba kule Fizi, Kongo, na kwake fundo moja lilikuwa dawa ya kuuza. Yakiwa mawili, dawa ina mwenyewe: kuna mgonjwa anaingoja, usimpe mwingine. Mzizi wenyewe aliujua pia. Ni wa mwanamke aliyejifungua, damu ikakataa kukatika.

Alimpigia mdogo wake Yvette, anayekaa kitongoji cha Quakers Hill, akamweleza, na kwamba anafikiria kumwambia bibi. Yvette hakuzungusha maneno.

"Dada, utapoteza kazi juu ya kamba? Achana nayo."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Généreuse alitaka kuufuata. Bibi alimpenda mno shangazi yule, na neno lake moja kwa ofisi iliyomwajiri Généreuse lingetosha kumfukuzisha mtu. Lakini Alhamisi, Généreuse akiwa amepiga magoti anamvisha soksi, bibi alimsomea maelezo ya kubandikwa chini ya picha: ua la porini, lililochumwa na mchoraji mwenyewe. Généreuse akaona kunyamaza kunamchosha kuliko kazi.

"Hakulichuma yeye," alisema, kisha akaeleza, bila kuinua macho, kwamba mizizi ile ilikuwa dawa iliyokwisha kufungwa kwa ajili ya mzazi aliyekuwa akiingoja.

Akamalizia soksi ya pili. Alikuwa ameshaiaga kazi moyoni. Bibi akaomba kalamu, akaukata ule mstari, akaacha mahali pake wazi.

"Shangazi alikuwa akichora mmea mmoja kwa siku nne," alisema.

Akauliza kama mgonjwa mwenye dawa ile angeweza kuingoja siku nne. Généreuse alisema hapana.