Neno Lililonivusha hadi Busisi

Nilifunga safari kwenda ng'ambo ya Busisi kumtafuta mgonjwa aliyeondoka hospitalini kwetu Mwanza asirudi. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mpiga picha za ultrasaundi. Mtafiti mmoja mgeni alikuwa ametuletea kifaa cha kujaribia, kinachoutetemesha mwili polepole huku mashine ikitazama ndani. Palipo laini hucheza, palipo pagumu hutulia. Mama Kabula, mkulima wa pamba, alikuwa na uvimbe kwenye titi. Picha ya kawaida haikuonyesha kitu cha maana, lakini ya mtetemo ilionyesha doa lisilocheza hata kidogo. Nikamwambia, "Mama, hii ni ngumu," nikampa karatasi ya kumwona daktari wa upasuaji Jumatatu. Hakuja. Nami nilikaa miezi miwili nikiwaonyesha watu ile picha.

Asubuhi na mapema nilikuwa Kigongo, kwenye gati la kivuko. Foleni ya malori ya wanunuzi wa pamba ilikuwa ndefu, maana tangu biashara iachiwe huru kila mtu alikuwa mnunuzi. Kivuko kilichelewa. Nilisimama pale nikijitungia maneno ya kumkaripia. Mtu mzima anatupaje karatasi ya daktari!

Saa sita nilifika kijijini kwao, nikamkuta mumewe akianika pamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si yule daktari wa mashine?"

"Ndiye mimi. Mbona mama hakuja kwa upasuaji?"

Alinikazia macho. "Si ulimwambia ni ngumu? Tulikaa ukoo mzima. Tukasema, kama wenye mashine yao wanasema ni ngumu, basi afie nyumbani, asikatwe bure."

Mimi nilisema nyama ni ngumu. Wao walisikia kupona ni kugumu. Ukali wote niliotoka nao Kigongo uliniishia.

Mama Kabula alitoka ndani, amekonda. Nilimshika mkono, nikamgusisha shavu lake, kisha paji la uso. "Hapa laini, hapa pagumu. Nilimaanisha hivyo tu, mama. Ni kitu cha kutolewa."

"Kumbe!" akasema. "Basi twende." Alishajifunga kitenge kabla mumewe hajainuka.

Jioni, kwenye kivuko cha kurudi, alikuwa mchangamfu, akipanga atalima wapi msimu ujao. Nilimwitikia kila neno.

Kesho yake daktari wa upasuaji alimpapasa kwapani, akakuta uvimbe mwingine. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. "Angekuja Jumatatu ile," akaniambia kando. Mama Kabula alipasuliwa, lakini hakumaliza mwaka.

Siku hizi simwachi mgonjwa atoke kabla hajanieleza kwa maneno yake amesikia nini. Nilijifunza hilo kwa uhai wa mtu mwingine, na najuta mpaka leo. Nilipomwomba Mama Kabula msamaha wodini siku zile, alinipigapiga mkono.

"Hata mimi sikuuliza, mwanangu," akasema. "Siku ile ulikuwa unacheka, unawaita wenzako waje waone. Nikaona haya kukuuliza kama nitakufa."